Nyapara na Watu Wake

Msomaji, ukipita Ndalu mwezi wa Mei, katika nchi ya mahindi iliyo kati ya Kitale na Bungoma, utaona watu wamejipanga kondeni wakipalilia shamba la mtu mwingine. Yupo mmoja asiyeshika jembe. Huyo ndiye nyapara. Shamba si lake, wala ujira hautoki mfukoni mwake. Lakini raha na uchungu wa siku nzima vimo ulimini mwake.

Jina hili ni kongwe. Katika misafara ya karne ya 19 wanyampara walikuwa wakuu wa wapagazi, nao waliionja njaa ya safari pamoja na watu wao. Walowezi walipotwaa mashamba ya Trans Nzoia, nyapara akawa jicho la bwana shamba. Kibarua alifanya kazi kwa tikiti ya siku 30, na siku isiyotiwa alama haikuhesabiwa. Si ajabu neno lenyewe likaogopwa.

Nimepalilia chini ya wanyapara wawili katika msimu mmoja, kwa ujira uleule. Wa kwanza alipima sehemu za kazi kwa fimbo moja mbele ya macho yetu sote. Mama mmoja alipochelewa, alimwendea akamwuliza kwa sauti ya chini; kumbe mtoto alikuwa mgonjwa. Tuligawana mistari yake miwili, wala hapana aliyenung'unika. Wa pili aliwapa jamaa zake sehemu fupi, na siku moja alimtukana mzee mbele ya mkwewe. Mzee hakujibu. Alikung'uta jembe akaendelea. Lakini tangu saa ile magugu yalikatwa juu juu, mizizi ikaachwa ardhini, na mvua ya wiki iliyofuata iliyafufua yote.

Jambo hili si la Ndalu peke yake. Katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, uchunguzi ulifanywa kati ya 1924 na 1932, na wafanyakazi zaidi ya 20,000 wakahojiwa. Wasichana waliounganisha vipande vya simu katika chumba cha majaribio walizidisha kazi, nao walisema walipendezwa kwa kuwa hawakusimamiwa kwa ukali. Wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu za ongezeko lile. Yumkini mapumziko na malipo nayo yalichangia.

Nami sisemi kwamba upole watosha. Neno tamu halinunui unga, na nyapara anayemwacha mvivu alale chini ya mti huwachukiza wenye bidii kuliko mkali. Tulichotaka ni kipimo kimoja kwa wote, na kukemewa bila kuvunjiwa heshima.

Msimu uliofuata vibarua walipoitwa tena, swali la kwanza halikuwa la ujira. Waliuliza nyapara ni nani.