Kitu na Mwenyewe

Chombo kilichofungiwa nyuma ya kioo ni kitu kinyamavu. Macho mengi hukitazama, lakini chenyewe hakiwezi kusema kilisukwa na mkono wa nani, wala maziwa ya mnyama gani yalitiwa ndani yake. Tangu ujana wangu nimependa kuzuru nyumba za makumbusho, na kila nizurupo swali moja hunijia: mwenyewe yu wapi?

Swali hilo hunikaa moyoni hasa nisimamapo Nairobi mbele ya picha zilizochorwa na Joy Adamson. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 bibi huyo alitembea Kenya nzima akiwachora watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao, na watu wa kaskazini wamo. Ni kazi nzuri. Ushanga waweza kuuhesabu. Lakini aliyechorwa hakupewa neno. Alisimama, akatazamwa, kisha akabaki ukutani, mbali na kwao.

Kuna njia nyingine. Mwaka 2008 yalifunguliwa Makumbusho ya Jangwa karibu na Loiyangalani, katika upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana, nchi ya mawe meusi na upepo usiochoka. Mwaka huo huo lilianza tamasha la utamaduni, ambalo huwakusanya watu wa kandokando ya ziwa na wa Marsabit: Waturkana, Wasamburu, Warendile, Wagabra, Waborana, Wadasenech, Waelmolo na wengineo. Hapo vitu havitazamwi peke yake. Huja pamoja na wenyewe. Kila watu hujenga nyumba zao, hupika chakula chao, huonyesha kazi za mikono yao na kucheza ngoma zao.

Tazama nyumba ya Mrendile au Mgabra. Mjenzi wake ni mwanamke. Hupinda fito, akazifunika kwa mikeka na ngozi. Malisho yakiisha, huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Kwangu mimi, mtu wa pwani niliyezoea kuta za mawe, hilo ni somo kubwa: kwamba nyumba yaweza kumfuata mtu, badala ya mtu kuifuata nyumba. Tazama pia Waelmolo, wavuvi wachache waliovuka ziwa kwa vyelezo vya magogo ya mkoma, chusa mkononi. Lugha yao ya asili imekwisha kutoka vinywani. Leo husema Kisamburu. Chusa likibaki bila wa kulieleza, litakuwa mti na chuma tu.

Lakini faida ya tamasha haiishii katika ukumbusho. Nchi hiyo imeona misiba. Mwezi wa Julai 2005, huko Turbi, makumi ya watu waliuawa kwa shambulio la alfajiri, na watoto wa shule walikuwa miongoni mwao. Watu waliokwisha kumwagiana damu si rahisi kukaa pamoja. Ndiyo maana naona ni jambo kubwa mtu anapoingia katika nyumba iliyojengwa na watu aliowaogopa, akaonjeshwa maziwa yao na kuelezwa maana ya ushanga wao. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na uzuri wa tamasha hili ni kwamba kila mmoja ni mgeni, na kila mmoja ni mwenyeji.

Wako wasemao kwamba ngoma hailetei mtu maji wala malisho, na kwamba huchezwa ili wapita njia wapige picha. Neno lao lina uzito. Ngoma haichimbi kisima, na ngoma iliyochezewa mgeni peke yake hupoteza roho. Lakini watu wasiojuana watagawanaje kisima kimoja? Kujuana si amani kamili. Ni mlango wake.

Basi, kijana msomaji, uingiapo katika nyumba ya makumbusho, usitosheke kusoma karatasi iliyobandikwa chini ya kitu. Muulize mwenyewe, maadamu yu hai na ulimi wake unasema. Kioo huhifadhi kitu. Maana yake huhifadhiwa na watu.