Nilitaka Jina Langu Kwenye Kopo

Dada msomaji, hivi mara ya mwisho mumeo kukuita kwa jina lako ilikuwa lini? Sizungumzii "mama watoto", wala "mpenzi", wala "we mama". Nazungumzia lile jina ulilopewa ulipozaliwa. Mwenzenu nilipojiuliza swali hilo nilikaa kimya muda mrefu. Na kilichonifanya nijiulize, amini usiamini, ni nembo ya makopo ya viungo.

Mimi nauza viungo vya pilau. Nakaanga na kusaga mwenyewe bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kwa vipimo alivyonifundisha marehemu bibi yangu kule Tanga. Nilianza na makopo meupe yasiyo na maandishi yoyote. Siku moja muuza duka mmoja hapa Mbagala akaniambia, "Mama, mzigo wako wateja wanausifia, ila hauna jina. Mtu akirudi aulizie nini?"

Nikaona neno hilo. Tena bahati nzuri mume wangu ndiyo kazi yake. Yuko kwenye steshenari, anatengeneza kadi za harusi, mabango, fulana za misiba na za kampeni. Nikamwomba. Kesho yake jioni akarudi na kazi kwenye flashi, uso umejaa furaha.

Basi bwana, nikafungua. "MAMA FARIDA SPICES". Herufi nyekundu zimevimba kama maandazi, zina kivuli nyuma, rangi inatoka kwenye nyekundu inakwenda kwenye njano, na pembeni sufuria linafuka moshi.

"Unaionaje?"

"Nzuri, Baba Farida. Ila nilitaka iandikwe Mwanaidi."

Akacheka. "Mwanaidi? Jina la mabibi hilo! Hapa mjini nani atanunua?"

Nikamweleza kwamba bibi ndiye aliyenipa jina hilo kwa kuwa nilizaliwa asubuhi ya Idi, na viungo ni vyake. Hapo kicheko kikaisha. Akaniuliza, "Kwa hiyo unamkana mtoto? Au hutaki wateja wajue umeolewa? Jina lako na namba yako ya simu kwenye kopo, wanaume wakupigie usiku?"

Jamani, iliniuma. Mimi kuitwa Mama Farida nakupenda, ni heshima. Lakini tangu binti yangu azaliwe, miaka tisa sasa, jina langu limebaki hospitali na kwenye kadi ya kupigia kura tu. Tulilala mzungu wa nne.

Siku zilizofuata sikubishana naye tena. Kila usiku wakishalala, nilikuwa nawasha laptopu ya nyumbani. Alishaweka humo Inkscape ili mdogo wake ajifunzie. Hii ni programu ya kuchora ya bure, ipo tangu mwaka 2003, na uzuri wake haihifadhi herufi kama rundo la vidoti vya rangi, inazihifadhi kama mistari. Nembo ya namna hiyo unaweza kuichapa kwenye kifuniko cha kopo au kwenye bango la ukuta mzima, kingo zinabaki safi. Ile ya vidoti ukiikuza sana inaanza kuonyesha ngazi ngazi, umeziona kwenye mabango mengi tu.

Usiku wa kwanza niliandika MWANAIDI kwa herufi kubwa tupu. Loo! W na A zimeachana kama wanandoa walionuniana, huku I na D zimebanana kama abiria wa daladala. Nikadhani laptopu ni mbovu. Kumbe W inalala upande na A nayo inalala upande, nafasi kati yao inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Nikajifunza kubonyeza Alt pamoja na kitufe cha mshale, herufi inasogea kidogo kidogo mpaka jicho liridhike. Rula haisaidii hapo, ni jicho tu.

Usiku wa pili nikahamia herufi ndogo, kubwa ikabaki M peke yake. Jina likalainika, likawa kama mtu anaita kwa upole. Nikapata wazo: zile nukta mbili juu ya i nizigeuze karafuu. Nilihangaika kuzichora mpaka saa nane usiku, na vichwa vyake na vikonyo vyake. Asubuhi nikachapa kwa ukubwa wa kifuniko, sentimita tano. Farida akatazama akasema, "Mama, mbona kuna nzi?"

Nilicheka mpaka machozi. Karafuu zikaondoka, nikaweka duara mbili nyeusi, kama punje za pilipili manga. Toka siku hiyo kila kitu nakijaribu kwanza kwa rangi nyeusi peke yake na kwa ukubwa wa kifuniko. Kisiposomeka hapo, kivuli na moshi havitakiokoa.

Nilipata moyo pia niliposoma kuhusu Coca-Cola. Aliyependekeza jina lile, mwaka 1886 huko Atlanta, Marekani, na kuliandika kwa mwandiko wa kuunganisha wa enzi hizo, ni Frank Robinson, mtunza hesabu wa biashara ile. Mtunza hesabu! Nikajisemea, basi na mimi msaga viungo naweza.

Nembo ilipokamilika sikumwonyesha mume wangu. Kiburi, nakiri. Nikaipeleka kimya kimya kwenye duka jingine la kuchapa stika, nikalipia stika hamsini kwa pesa ya mauzo. Nilipokwenda kuchukua, miguu iliniisha nguvu. Jina ni langu, lakini herufi siyo zangu. Zimekuwa zile za barua za serikali, nukta zangu mbili zinaelea hewani, na kijani changu kilichokuwa kinawaka kwenye skrini kimekuwa mchicha uliolala. Kijana wa pale akasema faili lilikuja hivyo hivyo. Pesa hairudi.

Jioni nilikaa jikoni nikiwa na stika mapajani. Baba Farida akaingia akaziona. Nilijiandaa kwa maneno. Akachukua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza taratibu, "Umeichora wewe?" Nikaitikia. Akaomba faili.

Akakaa kwenye laptopu, mimi nimesimama nyuma yake. "Hii fonti unayo wewe, kompyuta ya yule haina. Ikikosa fonti inaweka yoyote iliyonayo. Kabla ya kupeleka, nakili faili, halafu kwenye nakala yageuze maandishi yawe mchoro. Hapo hakuna wa kukubadilishia." Akanionyesha ilipo amri hiyo kwenye menyu. Akanieleza na rangi: skrini inatoa mwanga, printa inapaka wino, ndiyo maana kijani cha kuwaka hakitoki kwenye karatasi. "Chapa moja kwanza, iangalie, ndipo useme hamsini."

Kisha akanyamaza, akawa anasogeza ile w kidogo kushoto, kidogo kulia. Mwisho akasema, "Mimi niliogopa. Nilikuwekea jina la mtoto ili watu wajue una mwenyewe." Sikujibu haraka. Nikamwambia, "Ungeniuliza tu, ningekujibu kwamba siendi popote."

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa wale wa stika. Nikamsikia kwenye simu, "Ile kazi ya Mwanaidi, nakuja na faili jipya." Wenzangu, nilisimama na mwiko mkononi kama niliyepigwa na umeme.

Leo makopo yana jina langu, na kwa chini, herufi ndogo, "viungo vya pilau vya bibi". Namba ya simu tuliyoweka ni ya biashara, tunapokea wote wawili. Nyumbani bado ananiita Mama Farida, nami naitika kwa raha.

Kwa hiyo dada yangu, ukianzisha biashara, usione aibu kulidai jina lako. Lidai kwa upole, lakini lidai. Na wewe kaka unayesoma gazeti la mkeo kwa kuibia, leo jioni jaribu kumwita kwa jina lake. Tazama atakavyogeuka.