Sokwe wa Banda la Mwanga

Mkanda wa kwanza wa mfululizo wa picha za sokwe, Planet of the Apes, kuingia kwenye banda letu la video Mwanga, mjini Kigoma, kwa mpangilio wa watengenezaji ulikuwa wa tatu. Uliletwa na mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akienda na kurudi Bujumbura. Ulirekodiwa juu ya mkanda wa mechi ya mpira, kwa hiyo kabla picha haijaanza uliona dakika moja ya watu wakikimbilia kona. Halafu sauti yake ilikuwa Kifaransa kitupu.

Banda lilikuwa la mjomba: mabati juu, mabanzi pembeni, televisheni ya inchi 21, deki, na jenereta tuliloliweka nyuma ya choo ili ngurumo yake isitushinde. Umeme wa Kigoma siku zile nao ulikuwa wa majenereta, ila ya shirika, na ulikuja ulipotaka. Mimi nilianzia mlangoni, kukusanya kiingilio na kuwatoa watoto waliopenya chini ya turubai. Mtafsiri wetu, aliyekuwa akizisemea picha kwa Kiswahili, alipoondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, mjomba alinitazama, akanikabidhi maikrofoni, akasema, "Wewe si unaongea sana? Haya, ongea ulipwe." Sikupewa mafunzo mengine.

Mtu asiyejua kazi hii hudhani ni ulimi. Nusu ya kazi ni mkono wa kushoto, ule unaoshika kitufe cha sauti. Ukishusha sauti ya picha unapata nafasi ya kusema. Ukichelewa kuipandisha, risasi zinapita bubu na watu wanapiga miluzi. Ukisema juu ya muziki mzuri, unakuwa umeuiba. Muziki wa Jerry Goldsmith katika picha ya kwanza na ya tatu za sokwe sikuusemea hata mara moja. Nilinyamaza, watu wakadhani maikrofoni imekufa.

Basi hiyo ya tatu, Escape from the Planet of the Apes ya 1971. Chombo cha angani kinatua majini pwani ya California, mwaka 1973. Wanajeshi wanakivuta hadi nchi kavu, wanatoka wanaanga watatu, wanavua kofia: sokwe! Banda zima lilisimama. Kwa vile Kifaransa sikukijua, nilimweka pembeni yangu rafiki Mkongo aliyekuwa akininong'oneza, nami nikitoa kwa sauti. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajanieleza kilichomchekesha, na watazamaji wakawa wanamcheka yeye.

Wengi wanaoupenda mfululizo huu huanza na ile ya 1968, yenye Charlton Heston na farasi. Sisi tulianza na hawa watatu, Zira, mumewe Cornelius, na mwenzao Dk. Milo, na mpaka leo naona tulibahatika. Kigoma ni mji wa wakimbizi. Warundi waliingia 1972, wakaingia tena 1993, na Wakongo wakafuata kuanzia 1996. Hadithi ya viumbe watatu wanaofika nchi ya watu bila chochote, wanaketishwa mbele ya tume na kuulizwa mmetoka wapi, kwa nini mmekuja, mliyoyaacha yako hali gani, pale bandani haikuwa hadithi ya anga za mbali. Wako waliokuwa wameshakaa kwenye kiti kile. Mwanzoni wageni wanashangiliwa, wanashonewa nguo, wanapelekwa hotelini. Kisha mshauri wa rais, Hasslein, anaanza kuhesabu hatari. Zira ni mjamzito, tena ana mdomo usiojua kuficha. Wanampa mvinyo, anaanza kusimulia. Hapo kijana mmoja wa Kirundi aliyekaa benchi la mbele alisema, si kwa kelele, kama anayemwambia mtu wa nyumbani kwake: "Mama, usiseme yote." Sikutafsiri sentensi iliyofuata. Haikuwa na kazi tena.

Mwisho wake uliniletea kesi. Bandani kuna sheria moja ambayo hata Serikali haiwezi kuibadili: steringi hafi. Zira na Cornelius wanapigwa risasi melini, wanakufa kweli, na mtoto wao tunaamini amekufa nao. "Steringi kafa, rudisha hela!" Mabenchi yalianza kugongwa. Nikapaza sauti nikawaomba watulie, mkanda haujaisha. Kumbe Zira alikuwa amebadilishana watoto na sokwe wa sarakasi. Picha ya mwisho ni kitoto kwenye kizimba kinaita mama. Ukimya ulioingia pale ndio ulionifanya niwatafute wenzake wanne kwa gharama ambayo mjomba hakuwahi kuielewa.

Ile ya kwanza ilikuja na shida ya aina yake. Chanzo chake ni riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle ya 1963, lakini mwisho wake ni wa watengenezaji wa Marekani: Taylor, mwanaanga anayechezwa na Heston, anafuata ufuko, anakutana na sanamu ya mwanamke imezama mchangani hadi kifuani, anagundua kwamba sayari hii ya sokwe ni dunia yake mwenyewe, imekwisha. Mwisho ule unamtegemea mtazamaji. Asipoitambua Sanamu ya Uhuru ya New York, anaona mzungu anayepigia kelele jiwe. Na bandani kwangu wasioitambua walikuwa wengi. Kueleza pale pale kwenye maikrofoni kungekuwa sawa na kuchekesha halafu kufafanua kichekesho. Nilichofanya ni kutafuta kalenda ya kampuni moja ya meli yenye picha ya bandari ya New York, nikaitundika juu ya ubao wa chaki tunapoandika ratiba. Ilikaa wiki nzima. Kila aliyekuja kusoma nini kinachezwa aliitazama, wengine wakauliza, nikawajibu kwa kifupi, huo ni mji wa Marekani, na yule mama anasimama majini kupokea meli. Ilipofika usiku wa onyesho sikusema neno lolote katika dakika ile. Kutoka nyuma mtu akasema, "Si yule wa kwenye kalenda?" Ikapita kama moto wa nyasi kutoka benchi hadi benchi.

Ya pili, Beneath, nitaipita haraka kama nilivyokuwa nikiipitisha kwa kubonyeza kitufe cha kwenda mbele. Heston alikubali kurudi kwa sehemu ndogo tu, na kwa sharti la kuuawa. Roddy McDowall, mwigizaji wa Cornelius, hakurudi. Watu waliobadilika maumbile wanaabudu bomu chini ya ardhi, mwishoni bomu linalipuka na dunia yote inateketea. Sifa yake ni hiyo tu: kwa kuiua dunia, iliwalazimisha waandishi kurudi nyuma kwenye wakati, wakatupa ile ya tatu. Na ilituachia ugomvi. Saa ya chombo cha Taylor inaonyesha mwaka 3978, wanaomfuata kumtafuta wanatua 3955. Walimtanguliaje mtu wanayemtafuta? Kila Jumapili mchana, kabla ya mikanda ya karate, tuliokuwa tunaupenda mfululizo tulikaa na suala hili. Fundi redio mmoja alishikilia kwamba saa ya chombo kimoja iliharibika. Mwalimu wa hesabu akasema mwandishi ndiye aliyeharibika.

Sasa nije kwenye ya nne, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nidumu kazini. Conquest of the Planet of the Apes, 1972. Kwa hesabu za studio ilikuwa ya maskini. Ya kwanza iligharimu takriban dola milioni 5.8, hii kama milioni 1.7. Unauona umaskini wenyewe. Mapambo ya uso aliyoyabuni John Chambers, ambayo yalimpa tuzo maalumu ya Oscar na yaliyomweka mwigizaji kitini saa tatu au nne, yalikuwa ya wachache wa mbele. Wa nyuma walivaa vinyago vya kuvuta kichwani, na midomo yao haichezi. Watazamaji wangu waliligundua hilo usiku wa kwanza na hawakujali hata kidogo.

Hadithi ni hii. Mbwa na paka wote wamekufa kwa virusi vilivyotoka angani. Watu wakachukua sokwe kuwa wanyama wa kufuga, kisha wakawafanya watumishi, kisha watumwa. Wanavalishwa sare kwa rangi, wanafundishwa kwa kipigo na moto, wananadiwa mnadani. Yule mtoto wa Zira, amekua, ananunuliwa na gavana anayeitwa Breck, na jina lake la Caesar analiokota kwa kuweka kidole kwenye kitabu. Mambo haya yanatokea mwaka 1991, ambao kwetu ulikuwa umeshapita, na vijana walikuwa wakicheka kwamba wakati Wamarekani wananadi sokwe wao walikuwa darasa la tano.

Paul Dehn aliiandika akiwa na ghasia za weusi wa miji ya Marekani akilini, Watts ya 1965 ikiwemo. Hayo niliyasoma baadaye. Lakini nilipoipeleka Ujiji, kwenye ukumbi wa kukodi, hakuna aliyehitaji habari za Watts. Ujiji ndiko njia ya misafara ilikoishia, ile iliyotoka Bagamoyo na kurudi na pembe na watu. Miembe ipo, na wazee wanakuonyesha. Kwenye onyesho la mnada, sokwe anapandishwa jukwaani, dalali anataja bei. Nilianza kuifuata sauti ya dalali kwa mbwembwe za sokoni kama nilivyozoea, na mzee mmoja mwenye kofia ya mkono akanyanyua fimbo yake. "Kijana, taja bei tu." Nikataja bei tu. Tangu siku hiyo mnada ule nimekuwa nikiusema hivyo popote nilipouonyesha.

Uasi ulipoanza usiku kwenye zile barabara za zege (walipigia picha Century City, mtaa mpya wakati huo, Los Angeles) sikuweza kusikika. Nilizima maikrofoni nikakaa.

Ya tano, Battle, ya 1973, wengi huiona dhaifu na sibishani nao. Bajeti imekauka, jeshi zima la watu waliobaki linaingia kwenye basi la shule. Ina jambo moja tu: sheria kwamba sokwe asimuue sokwe, na namna inavyovunjwa na jenerali sokwe Aldo anayemuua mtoto wa Caesar. Kwetu jambo hilo lilipata shahidi. Mzee mmoja kutoka vijiji vya jirani na Gombe, ambaye ujanani alifanya kazi ya kuwafuata sokwe msituni na kuandika mienendo yao, alikuja na mjukuu wake. Gombe ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, mwaka uleule wa picha ya kwanza, na Jane Goodall alikuwa ameshafika huko tangu Julai 1960. Mzee alitazama kwa adabu, akalalamikia mwendo wao ("mgongo umenyooka mno"), hadi Aldo alipofanya alichofanya. Baada ya onyesho alitueleza habari ya Januari 1974: sokwe wa kundi la Kasakela walivuka kimyakimya kwenda kusini, wakamkuta mwenzao wa kundi la Kahama peke yake juu ya mti, wakamshusha. Makundi yale mawili yalikuwa moja kabla ya kugawanyika. Waliendelea hivyo miaka minne, mmoja baada ya mwingine, hadi madume wa Kahama wakaisha. Kabla ya hapo wataalamu waliwadhania sokwe ni wapole kuliko sisi.

"Hii picha ni ya lini?" akauliza. Nikamwambia 1973. "Basi mwandishi aliwahi."

Hapo ndipo nilipowasimulia kituko nilichokisoma kuhusu utengenezaji wa ile ya kwanza: wakati wa chakula cha mchana waigizaji wakiwa bado na sura zao za bandia, masokwe walikaa na masokwe, magorila na magorila, maorangutani na wenzao, bila kuamriwa na mtu. Mzee hakushangaa hata kidogo.

Mikanda ikaondoka, zikaja CD, zikaja DVD, kisha kila mtu akawa na banda lake mfukoni. Vijana walinijia na ile mpya ya 2011, sokwe wa kompyuta waliopewa mwili na Andy Serkis. Ni kazi kubwa, siibezi. Caesar anapotamka neno lake la kwanza, la kukataa, tuliomsikia Cornelius akilitaja neno hilo katika historia ya sokwe, kwenye ile ya tatu, tulitazamana. Lakini uso wa sokwe ulichorwa juu ya uso wa Serkis baadaye. McDowall alilazimika kutikisa mashavu na pua kutwa nzima ili mpira uliogandishwa usoni uonekane hai, na alifanya hivyo kama Cornelius, kisha kama Caesar.

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu aliniletea toleo la diski lililotoka 2008, lenye Conquest kama ilivyokatwa kabla haijafika sinema. Nilikuwa na shaka na mwisho ule siku zote. Katika toleo tulilolizoea, magorila wameinua bunduki juu ya gavana Breck, Caesar ameshahutubia kwa hasira, mara anageuka, anahubiri huruma, na bunduki zinashushwa. Tatizo ni kwamba wakati wa mahubiri hayo humwoni mdomo. Unaona macho tu, macho, macho. Mtu wa kazi yangu hadanganyiki hapo: sauti imebandikwa juu ya picha ya kitu kingine. Na ndivyo ilivyokuwa. Watazamaji wa majaribio waliogopa ukali wa mwisho wa asili, fedha ya kupiga upya haikuwepo, wakamwita McDowall arekodi maneno mapya, wakayaweka juu ya macho yaliyokuwa yamepigwa tayari. Katika mwisho wa asili, Breck anauawa.

Tulikodi ukumbi uleule wa Ujiji, tukaonyesha miisho yote miwili, mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwa na maikrofoni, na ubishi ukaendelea hadi saa sita usiku. Vijana walitaka Breck afe. Mwalimu wa hesabu, sasa mstaafu, alisema kwamba bila huruma ile ya kubandikwa, picha ya tano haiwezekani kabisa. Fundi redio akasema afadhali isingewezekana. Mama mmoja muuza mgebuka, aliyeingia kumfuata mumewe akabaki, alisema aliyebandika sauti ile alijua hakuna mtumwa ambaye angeisema mwenyewe. Wakati huo mlangoni mpwa wangu alikuwa akigombana na kundi la vijana waliodai kwamba mwisho wa pili ni picha nyingine, kwa hiyo aliyelipa mara moja na kuondoka katikati arudishiwe nusu. Nikamwambia awarudishie, ila kwanza wachague: nusu ya Breck aliyekufa au ya Breck aliye hai.