Kocha ni Baba



Juma hili tumeona vema tuzungumze juu ya vijana wetu wanaocheza mpira na kukimbia riadha, kwa kuwa jambo lenyewe limetugusa hapa hapa parokiani. Mama na binti wanaohusika wameturuhusu tuliseme.

Miaka kadhaa iliyopita rafiki zetu wa ng'ambo walituletea jezi na mipira, pamoja na karatasi ya masharti: kocha asikae faraghani na mtoto mmoja, wala asilale chumba kimoja na wachezaji wakiwa safarini. Jezi tulizipokea kwa vigelegele, karatasi tukaicheka. Tulisema, wenzetu hawa hawaaminiani. Kwetu sisi kocha ni baba. Karatasi ikaishia kabatini.

Baadaye binti aliyekuwa mwepesi wa mbio kuliko wote alikataa kwenda kambini. Hakutoa sababu, alisema tu kwamba hataki. Nasi, watu wazima wanne tuliokuwa tumeketi pale, tukamwambia mvumilivu hula mbivu. Akaenda. Mama yake alipokuja ofisini akilia, ndipo tulipofahamu tulikuwa tumemsukumia wapi.

Tusidhani hao wenye karatasi wamesalimika. Huko Marekani, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, aliwadhulumu wasichana kwa miaka mingi, mara nyingine mzazi akiwa chumbani humo humo. Tangu miaka ya 1990 baadhi yao walieleza, wakaambiwa hawakuelewa tiba. Januari 2018 zaidi ya wanawake na wasichana 150 walisimama mahakamani, au maneno yao yakasomwa, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Japani nayo ilipiga marufuku viboko shuleni tangu 1947. Hata hivyo, Desemba 2012 nahodha wa timu ya mpira wa kikapu wa shule moja ya Osaka, kijana wa miaka 17, alijiua baada ya kupigwa na kocha wake. Huko kipigo kiliitwa malezi. Marekani waliita tiba. Sisi tuliita uvumilivu.

Nasi makleri hatuna ujasiri wa kumnyoshea mtu kidole, maana Kanisa letu lenyewe limewahi kuwaficha wakosaji kwa jina la heshima.

Shauri la kocha yule liko polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Karatasi tumeitoa kabatini, tumeiandika upya kwa Kiswahili na kuibandika mlangoni mwa kanisa, pamoja na namba 116, ambayo mtoto aweza kuipiga bila malipo. Wazee wawili wamelalamika kwamba tunaiga Uzungu. Tumewaomba waje tuisome pamoja, sharti kwa sharti, watuonyeshe lipi linalovunja mila yetu.

Binti hajarudi uwanjani, wala hatumwombi arudi.