Chekeche la Barua

Yako makosa ambayo mtu huyatenda bila kufungua mdomo. Langu ni la kumfungia mlango mpwa wangu, nami sikujua kwamba nimeufunga.

Mwaka 2019 barua pepe za takataka zilinielemea. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikuta hamsini na zaidi: wajane wa majenerali wanaotafuta wa kumwachia mamilioni, bahati nasibu nisizocheza, dawa za magonjwa nisiyougua. Udhia huu una umri. Mwaka 1978 Gary Thuerk, muuzaji wa kompyuta huko Marekani, alipeleka tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwa mpigo, nao wakamlalamikia. Waliomfuata hawakujali malalamiko.

Basi nikaweka chujio. Kazi yenyewe ni nyepesi: unaiagiza programu kwamba barua yenye neno fulani isikufikie, iende kapuni. Nikaandika maneno yaliyonichosha: pesa, msaada, haraka. Liko pia chujio linalojifunza lenyewe. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza namna ya kulitengeneza kwa hesabu za Thomas Bayes, kasisi Mwingereza wa karne ya 18. Huhesabu kila neno limetokea mara ngapi katika takataka na mara ngapi katika barua njema, kisha hukadiria barua mpya iko upande gani. Lakini langu halikukadiria chochote. Lilitii amri yangu tu.

Miezi miwili nikanywa chai kwa raha. Kisha dada yangu akapiga simu.

"Kaka, mtoto amekuandikia mara tatu. Aliona haya kukupigia. Kama huna, si ungesema huna? Kunyamaza kwako ndiko kulikomuumiza."

Niliapa kwamba sikuona barua. Nilipofungua kapu nikaikuta moja, katikati ya mjane na bahati nasibu: "Mjomba, naomba msaada wa ada, ni haraka." Mbili za mwanzo zilikwisha kufutika, kwa sababu kapu langu hujisafisha kila baada ya siku 30. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa imepita. Kijana akakaa nyumbani mwaka mzima.

Nimelifikiria sana jambo hili. Tapeli hana maneno yake mwenyewe. Ameyaazima kwa mwenye shida, kwa kuwa anajua ndiyo yanayotugusa. Ukiyapiga marufuku maneno hayo, tapeli atatafuta mengine, lakini mwenye shida atayatoa wapi?

Sikuliondoa chujio, maana bila hilo nisingesoma barua yoyote. Nilifuta yale maneno matatu, nikaacha programu ipime barua nzima, na nikaandikisha anwani za jamaa zangu zipite moja kwa moja. Na kila Ijumaa nafungua kapu, napitia vichwa vya barua kimoja kimoja. Marehemu mama alipochekecha unga hakumwaga chenga kabla ya kuzipitishia mkono. Nilikuwa nikimwona anapoteza wakati.

Ada nililipa mwaka uliofuata, na kijana amekwisha kuhitimu. Bado huniandikia. Ila kila akituma barua hunipigia simu papo hapo: "Shikamoo mjomba. Imefika?"