Siku Tatu Ukingoni mwa Msitu

Sisi watu wa mijini tuna desturi ya kuutaja msitu kama mtu amtajavyo jamaa yake tajiri aliye mbali: twamsifu, twajivunia kuwa ni wetu, wala hatujui anakula nini. Nimefundisha jiografia mjini Mombasa kwa miaka mingi. Mara zisizo na idadi nimewachorea wanafunzi ubaoni msitu wa Arabuko-Sokoke, nikawaambia kuwa una kilomita za mraba zipatazo 420, kuwa ndio mabaki makubwa kabisa ya misitu mikavu ya pwani yetu, na kuwa ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1943. Hayo yote ni kweli. Lakini sikuwahi kulala kando yake hata usiku mmoja, mpaka likizo ya Aprili, sahibu yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu aliponialika kwao, upande wa Jilore, nikakae naye toka Ijumaa hata Jumatatu.

Safari ya Mombasa hadi Malindi haina la kusimulia siku hizi. Wazee walikuwa na visa vingi vya kivuko cha Kilifi na foleni yake. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, abiria huvuka amelala. Safari yenyewe ilianza Malindi, nilipopanda pikipiki. Tulipita Kakuyuni, tukaiacha barabara kubwa, tukashika njia ya udongo mwekundu iliyolainishwa na mvua ya usiku. Pikipiki ikakwama mara mbili, mara ya tatu kijana aliyeniendesha akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, hapa miguu yako ina nguvu kuliko gari langu." Sahibu yangu alikuwa amekuja kunilaki, viatu mkononi. Tulitembea karibu saa nzima, msitu ukiwa mkono wetu wa kulia kama ukuta.

Maskani yao ni nyumba tatu za udongo, moja ya mabati na mbili za makuti, katikati ya mihogo, mikorosho na mahindi machanga. Mwisho wa shamba, hatua chache kabla ya mpaka wa msitu, ulisimama mbambakofi mmoja mkubwa, ambao watu watatu wasingeukumbatia wakashikana mikono. Nyumbani humo huishi babu na bibi wa sahibu yangu, yeye mwenyewe na mkewe, watoto wao wadogo wawili, na binti wa dada yake aliye katika shule ya sekondari ya bweni. Binti huyo alikuwa amerudishwa nyumbani wiki mbili kabla ya kufunga shule, kwa sababu ya karo. Hakuna aliyenieleza habari hiyo siku ya kwanza. Niliielewa kwa kuona kuwa kila mara shule ilipotajwa, yeye huinuka kwenda kuchota maji.

Bibi alinichukua Jumamosi asubuhi kunionyesha kazi yake. Tangu mwaka 1993 pana mradi pale Gede, uitwao Kipepeo, ambao hununua vipepeo kwa wakazi wa kando ya msitu huu na kuwauza Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo watu waendako kuwatazama. Hauzwi kipepeo arukaye, bali lile ganda ambalo kiwavi hujifungia kabla ya kutoka na mabawa. Bibi ana vizimba vya chandarua nyuma ya nyumba. Ndani huweka vipepeo majike watage mayai, kisha huwalisha viwavi majani, na hapo ndipo palipo na elimu yake, maana kila aina ina mti wake. Kiwavi alaye mlimau hufa njaa juu ya mti usiokuwa wa jamii hiyo. Kwa hiyo bibi, ambaye hakusoma hata darasa moja, aijua miti ya msitu ule kuliko vitabu vyangu, na kwa ajili ya majani yake hataki kusikia habari ya mtu kuukata.

Lakini usiku wa kuamkia Ijumaa siafu walikuwa wamepanda vizimbani. Kati ya vizimba vinne vilisalia viwili. Bibi alinionyesha vile vitupu kwa utulivu, kama mtu aonyeshaye chumba cha mgeni aliyeondoka. "Hawa ndio waliokuwa wamrudishe mtoto shuleni," akasema.

Jioni ya siku hiyo ndipo alipokuja mnunuzi wa mbao. Alikuwa na karatasi ya ruhusa mfukoni, na bei mdomoni: shilingi 22,000 kwa mbambakofi ule, mzima, ukiwa umesimama. Mti huo hutoa mbao za milango zisizotishwa na mchwa, na bila shaka angeuza kwa mara nyingi zaidi. Babu alimsikiliza, akamwambia arudi kesho.

Usiku tuliketi nje, babu na sahibu yangu na mimi. Kutoka msituni ukaja mlio mdogo, wa namna moja, ukirudiwa bila kuchoka kama mtu agongaye kibuyu. Niliutambua kwa kusoma: ni bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi shibiri moja, apendaye hasa vichaka vya udongo mwekundu. Nikamwambia babu kuwa wataalamu wa ndege hawakumjua mpaka mwaka 1965.

Babu akacheka mpaka akakohoa. "Mwaka huo, mjukuu wangu, mimi nilikuwa kijana, nikimsikia kila usiku. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Kisha akasema maneno ambayo tangu hapo siwezi kuichora ile ramani bila kuyasikia. Alisema kuwa baba yake alikuwa na mizinga ya nyuki ndani ya msitu ule, na kuwa yeye alipokua aliambiwa kwamba kuingia kwataka kibali. Alisema kuwa katika miaka ya 1990 wengi wa majirani walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba, na yeye alikuwa mmoja wao, wala haoni haya kusema hivyo. "Ndovu na nyani walikula mahindi yangu, na hapana aliyenilipa. Nyinyi mnaupenda mwitu kwa kuwa haulali karibu na shamba lenu. Huyu bibi yako anaupenda kwa kuwa unamlipa. Mimi sina ugomvi nao tena, lakini nisiambiwe niulishe mti mtoto akikaa bure."

Sahibu yangu, ambaye hufundisha watoto wa kijiji kupanda miti, hakujibu neno. Nami nilikuwa na jibu tayari, la mvua na la udongo, jibu zuri la darasani. Nikaona si mahali pake. Nilitoa nilichokuwa nacho mfukoni kichangie karo. Babu akakirudisha mkononi mwangu. Akasema mgeni halipi.

Jumapili asubuhi, kabla ya mnunuzi kuja, sahibu yangu alinipeleka msituni. Tulikaa kimya chini ya mti hata akatokea isanje, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, akiyapekua majani makavu kutafuta wadudu. Makao yake makubwa duniani ni msitu huu. Alipotuhisi aliruka kama mpira, akapotea. Saa nne tukausikia msumeno.

Mti ulichukua muda mfupi kuanguka kuliko nilivyodhani. Babu alikaa barazani akichonga mpini wa jembe, hakugeuka. Wale watoto wawili walikimbilia matawi kuokota mbegu, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, wakajaza mifuko. Bibi alitazama mwanga mpya ulioangukia vizimba vyake, akamwita mjukuu wake amsaidie kuvihamishia upande wenye kivuli, maana jua lingewakausha viwavi.

Jumatatu alfajiri alinipa sanduku la maganda yaliyosalia, yakiwa yamelazwa juu ya pamba, niyafikishe Gede kwa kuwa ni njiani kwangu. Yalikuwa 64. Niliyapakata juu ya pikipiki na ndani ya matatu, nikimwomba kila dereva aende polepole, na kila dereva alinitazama kama mwenye wazimu. Gede sanduku lilipofunguliwa, mmoja alikuwa ametoka tayari, mabawa yangali mabichi, amening'inia penye mfuniko. Aliyetoka hana bei. Waliyahesabu yaliyosalia, wakakataa mawili, wakaniandikia stakabadhi.

Nilimpigia bibi simu. Hakuniuliza habari za safari, aliuliza idadi. Nikamtajia 61. Akanyamaza akihesabu kwa vidole, kisha nikamsikia akimwambia binti aanze kufua sare.