Mchakamchaka wa Dola Bilioni Kumi

Jumamosi moja asubuhi mwenzangu wa kazini alinialika mazoezini, hapa Vancouver. "Bure kabisa," aliniambia. Nikavaa raba zangu nikijua tunakwenda uwanjani, kumbe tunakwenda dukani. Wafanyakazi walikuwa wamesukuma nguo zote hadi ukutani, mikeka ya mpira imetandikwa sakafuni, na mwalimu anatuelekeza kwa sauti ya upole: mkono juu, mguu nyuma, vuta pumzi. Kila nilipoinama, jicho langu liliangukia kikaratasi cha bei kilichoning'inia kwenye skintaiti: karibu dola 100. Saa moja baadaye mikeka ilikunjwa, nguo zikarudishwa katikati, na wengi wetu tukapanga foleni kwa keshia huku jasho halijakauka. Mimi nilinunua soksi.

Duka hilo ni la Lululemon, kampuni iliyozaliwa katika mji huu huu. Mwanzilishi wake, Chip Wilson, alikuwa mfanyabiashara wa nguo za michezo ya mawimbini na kwenye theluji. Alipoingia darasa la yoga aliona watu wakijinyoosha katika nguo za pamba zilizolowa na kulegea. Mwaka 1998 akaanzisha kampuni. Chumba kimoja kilitumika mchana kubuni nguo, jioni kufanyia yoga. Duka lao la kwanza lilifunguliwa Kitsilano, mwaka 2000.

Ukuaji wao haukutegemea sana matangazo ya televisheni. Walimtafuta mwalimu wa mazoezi anayependwa mtaani, wakampa nguo, wakatundika picha yake dukani na kumwita balozi. Kwetu Temeke balozi ni wa nyumba kumi, yule anayeuliza mgeni wako amekuja lini na anaondoka lini. Balozi wa huku kazi yake ni kuvaa. Usicheke, hesabu hiyo ilikuwa na akili: mwanafunzi humtazama mwalimu wake saa nzima, na akimtazama anaiona suruali. Mwaka 2007 kampuni iliingia soko la hisa. Leo ina maduka zaidi ya 700 duniani, na mauzo yake ya mwaka wa fedha 2024 yalipita dola bilioni 10 za Marekani.

Sasa njoo Temeke, Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Klabu ya jogging imeshajaza barabara. Mbele yuko mwenye filimbi, katikati mwimbishaji, nyuma pikipiki inayozuia daladala zisitukanyage. Wote tulilelewa na mchakamchaka wa shule ya msingi, kwa hiyo hakuna anayefundishwa kuitikia. Jezi tumechapisha Kariakoo, jina la klabu kifuani, rangi imeanza kubanduka baada ya kufuliwa mara tatu. Dada yangu amefunga kanga juu ya skintaiti yake na bado ananiacha nyuma.

Klabu ile haichagui mwili. Mama ntilie wetu, mwenye mwili wake wa kutosha, hukimbia mstari wa mbele kwa sababu yeye ndiye mwenye sauti. Nilimkumbuka niliposoma yaliyoikuta Lululemon mwaka 2013. Baadhi ya suruali zao nyeusi ziliondolewa madukani kwa kuwa zilikuwa zinaonyesha mwili. Baadaye Wilson akasema kwenye televisheni kwamba miili ya baadhi ya wanawake haifai kwa suruali zile. Watu walikasirika, na kabla mwaka haujaisha alitangaza kuachia uenyekiti. Siku hizi kampuni inatengeneza pia saizi kubwa zaidi. Mama ntilie hakuhitaji kusubiri.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba kila cha nyumbani ni bora. Kitambaa cha huku kizuri kweli, hakichubui mapaja. Walimu wamesomea kazi yao. Wa kwetu hutuamrisha kuruka kichura kwenye lami, na magoti ya wazee yanajua gharama yake. Hilo tujifunze bila aibu.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sijakiona dukani: daftari. Katibu wa klabu yetu ana daftari la kaunta, limekunjika pembe, lenye majina na michango ya kufa na kuzikana. Ukikosa Jumapili mbili, watu wanakuja kukugongea. Huku nilikosa wiki sita kwenye ukumbi ninaoulipia kila mwezi. Nikaletewa barua pepe yenye punguzo la asilimia 15.

Baba alipofariki sikuwahi mazishi. Dada alinitumia picha: chini ya turubai, vijana waliovaa jezi zilizobanduka rangi wanapanga viti, na mama ntilie ameinamia sufuria la wali. Kampuni ya huku iligundua kwamba watu wanaotoka jasho pamoja hupendana, ikawauzia nguo. Sisi tuligundua jambo hilohilo, tukaanza kuzikana. Sioni ubaya wa kuuza nguo. Ila wewe uliye ughaibuni, ukilipia mkeka wako mwezi huu, kumbuka na lile daftari. Jina langu bado limo, na mchango wangu wa shilingi 5,000 nimeshautuma.